Umejuaje? Mazungumzo juu ya Kufundisha Historia kwa Vijana wa Sekondari



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya somo la historia. Wanafunzi wengi hulihesabu kuwa somo la kukariri tu, na wazazi wengi hutuuliza, "Mtoto wangu atapata nini kwa kujua habari za watu waliokufa zamani?" Swali hilo si baya, wala hatutalikwepa. Tutajaribu kulijibu, lakini jibu letu hatutalitafuta mbali. Tutaanza papa hapa Nangara, katika mji wa Babati, mkoa wa Manyara, ambako mtu akiinua macho huuona mlima Kwaraa, na akitembea kidogo hulifikia Ziwa Babati na viboko wake.

Neno letu la leo ni moja, nalo ni fupi. Kijana wa sekondari asifundishwe historia kama mtu ajazaye mtungi, bali kabla ya yote afundishwe kuuliza swali hili: Umejuaje? Akiambiwa kwamba jambo fulani lilitokea, aulize kwa adabu, "Umejuaje?" Na akisema yeye mwenyewe, awe tayari kuulizwa vivyo hivyo. Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Sisi twaongeza kwamba kutokuuliza ndiko kulikotuletea hasara nyingi.

Kwanza twakiri kosa letu. Kwa miaka mingi sisi walimu tulifundisha kwa kuandika ubaoni, na wanafunzi wakanakili. Vijana wetu waliweza kutaja Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na sababu zake kwa mfuatano, moja hadi sita, bila kukosea. Lakini siku moja tuliuliza darasa la Kidato cha Pili, "Ni nani awezaye kutueleza jambo moja lililotokea katika mji huu kabla hajazaliwa?" Darasa zima likanyamaza. Mwisho kijana mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, hapa kwetu hapana historia." Alisema kwa moyo safi, wala hakukusudia mzaha. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo, kwa kuwa kila tulichomfundisha kilikuwa kimetokea mahali pengine.

Katika juma lile lile yakatokea mabaya zaidi. Wavulana wawili waligombana uwanjani, na mmoja akamwambia mwenzake, "Ninyi ni wageni hapa, mmekuja juzi tu, rudini kwenu." Yule mwingine akajibu kwa ngumi. Tuliwatenganisha, tukawaadhibu, na siku ile tukajiona tumekwisha kazi. Walakini tulipofikiri baadaye tuliona kwamba tumewanyamazisha tu, hatukuwafundisha. Maana maneno yale juu ya nani mgeni na nani mwenyeji ni maneno ya historia. Kijana aliyayasema pasipo kujua ayasemayo, na sisi wenye kazi ya kumfundisha hatukumwuliza, "Umejuaje?"

Ndipo tukageuza njia yetu. Tukawaambia wanafunzi kwamba mtu apelelezaye habari za zamani ni kama hakimu barazani. Hakimu hakuwapo tendo lilipotendeka, basi hana budi kuwasikiliza mashahidi. Na historia ina mashahidi watatu: kinywa, karatasi na ardhi. Kila mmoja ana faida yake, na kila mmoja aweza kukosa. Kwa hiyo hakimu mwema hamwamini mmoja peke yake, wala hamdharau yeyote.

Na tueleze kwanza shahidi wa kinywa.

Tuliwapa wanafunzi kazi ndogo. Kila mmoja aende kwa mzee wake wa nyumbani au wa jirani, amwulize kama Ziwa Babati liliwahi kufurika na kuingia mjini, na ni mwaka gani. Hatukuwaambia tunachokijua. Msichana mmoja alikwenda kwa bibi yake, akamkuta anachambua mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo shule imekuachia mapema?"

"Shule ndiyo iliyonituma, bibi. Nimeambiwa nikuulize, ziwa liliingia mjini mwaka gani?"

Bibi akacheka. "Mwaka siujui, mimi sikusoma. Lakini Uhuru ulikwisha kuja, na Azimio lilikuwa bado. Nami mama yako mkubwa nilikuwa nambeba mgongoni, tena alikuwa mzito."

Msichana aliyaandika maneno yale kama yalivyosemwa, akayaleta darasani. Wenzake wengine walicheka kwa kuwa bibi hakutaja mwaka. Sisi tukawauliza, "Uhuru ulikuja lini?" Wakajibu, 1961. "Azimio la Arusha?" Wakajibu, Februari 1967. "Basi jambo hili lilitokea kati ya miaka hiyo miwili. Sasa mama mkubwa alizaliwa lini?" Msichana akaenda kuuliza, akarudi na habari kwamba kadi ya mama yake mkubwa yaandika 1963. Mtoto abebwaye mgongoni, naye mzito, yapata mwaka mmoja. Darasa lote likapiga hesabu, likafika 1964. Hapo ndipo tulipowafunulia kwamba wataalamu walioandika habari za ziwa hili wanasema lilifurika mwaka 1964. Vijana walishangilia kama watu waliofunga bao. Bibi asiyejua kusoma alikuwa amebeba tarehe kamili kichwani mwake, ila aliihifadhi kwa namna yake, si kwa namna ya kalenda.

Lakini mara mvulana mmoja akainua mkono, akapinga. Babu yake alikuwa amemwambia kwamba ziwa lilifurika wakati wa vita vya Amin, wala hakusikia habari ya mafuriko mengine kabla ya hayo. Vita vile vilikuwa 1978 na 1979. Basi darasa likagawanyika pande mbili, hawa wakisema bibi amesahau, na hawa wakisema babu adanganya. Tuliwaacha wabishane kidogo, kisha tukauliza, "Babu yako alihamia Babati lini?" Mvulana hakujua. Akaenda kuuliza, akarudi akiwa ameinamisha kichwa kwa kicheko: babu yake alihamia baada ya Azimio. Basi wazee wote wawili walisema kweli. Maji yaliingia mara mbili, mwaka 1964 na mwaka 1979, na kila mmoja alishuhudia yale aliyoyakuta. Wazazi wa baadhi yao wakaongeza mara ya tatu, mwaka 1990, ambayo wao wenyewe waliiona kwa macho yao.

Wasikilizaji, tafadhali litieni maanani jambo hili. Watu wawili wakisema maneno yasiyolingana, si lazima mmoja awe mwongo. Huenda kila mmoja alisimama mahali pake na kwa wakati wake. Kijana aliyejifunza hayo kwa habari ya ziwa atayatumia nyumbani, barazani, na hata katika siasa, wala hatakuwa mwepesi wa kumwita mwenzake mwongo.

Tena somo lile halikuishia kwenye tarehe. Wanafunzi wenyewe waliuliza, "Mbona ziwa hufurika?" Tukawaeleza kwamba miaka ile mvua zilikuwa kubwa mno katika Afrika ya Mashariki yote, hata maji ya Ziwa Viktoria yalipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Tukawaeleza pia kwamba wako wataalamu waliochunguza kama ukataji wa miti katika milima inayolizunguka ziwa umeyafanya maji ya mvua yateremke kwa haraka zaidi. Kisha msichana mmoja akauliza swali ambalo sisi hatukulitayarisha: "Na nyumba zilizojengwa sasa, zimejengwa mahali maji yalipopita?" Darasa likawa kimya, kwa kuwa wengine walikuwa wanazifikiri nyumba zao.

Hapo ndipo tulipomjibu mzazi aulizaye faida ya historia. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh, nao ni wa mkoa huu huu wa Manyara. Watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba historia ingaliweza kuuzuia mlima. Lakini twasema kwamba watu wanaokumbuka njia za maji hujenga kwa hadhari, na watu waliosahau hujenga kwa matumaini tu. Kumbukumbu ya mzee juu ya mafuriko ni mali, nayo huzikwa pamoja naye asipotokea mtu wa kumwuliza.

Shahidi wa pili ni karatasi.

Wengi hudhani ya kuwa neno likiisha kuandikwa limekuwa kweli. Sivyo. Karatasi nayo iliandikwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na macho yake, na bwana wake, na haja yake. Twatoa mfano wa Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika nchi za kusini na kumalizika 1907. Serikali ya Wajerumani ilipohesabu waliokufa, ilisema ni watu 75,000. Mwanahistoria Gwassa, aliyechunguza habari hiyo baadaye, alikadiria kwamba waliokufa, pamoja na wale walioangamizwa na njaa iliyofuata, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tazameni tofauti hiyo! Mwanafunzi anayekariri hesabu moja amejua tarakimu. Lakini mwanafunzi aulizaye, "Huyu alihesabu nani, na yule alihesabu nani, na kila mmoja alijuaje?" amejua historia.

Na hesabu hizo hazikutafutwa upya kwa bahati. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake waende katika nchi zilizopigana vita vile, wakawaulize wazee waliokuwa wangali hai. Walikuwa vijana tu, wenye daftari na kalamu. Waliwakuta watu waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905, wakaandika maneno yao juu ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa, juu ya kodi na mijeledi, na juu ya maji ya dawa. Watawala wa Kijerumani walipenda kuvieleza vita vile kama ushirikina wa waganga. Wazee walieleza mateso yaliyovitangulia. Lau kazi ile ingalicheleweshwa miaka ishirini, ni nani angalibaki wa kuulizwa? Basi nasi tusicheleweshe yetu.

Mfano mwingine uko karibu nasi, katika wilaya jirani ya Hanang. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano huko Basotu, kisha akapatikana mfadhili, nchi ya Kanada, na mashamba yakaongezeka. Mwenye kusoma taarifa za mashamba yale atasoma habari za matrekta na magunia, na habari hizo si uongo, kwani ngano ilivunwa na mkate ukaliwa. Lakini mwenye kukaa na Wabarabaig atasikia habari za malisho yaliyopotea na makaburi ya wazee wao yaliyolimwa. Wafugaji walikwenda mpaka mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Rufani. Mwalimu asiyependa taabu atachagua upande mmoja, akaufundisha. Sisi twasema, wanafunzi wa Kidato cha Tatu wapewe pande zote mbili, waambiwe, "Andikeni waliyokubaliana, kisha andikeni waliyopingana, kisha semeni ni kwa nini." Kazi hiyo ni ngumu, lakini ndiyo kazi ya mtu mzima, nasi twawalea watoto wawe watu wazima.

Shahidi wa tatu ni ardhi, nasi twahesabu pamoja nayo vitu vyote vilivyoachwa na watu wa kale.

Katika njia iendayo Kondoa, kabla hujafika mjini, iko miamba ya Kolo, yenye michoro ya watu na wanyama iliyochorwa zamani sana. Miamba hiyo na mingine ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Upande wa kaskazini, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yako mabaki ya Engaruka, ambako wakulima waliishi mamia ya miaka iliyopita, wakachimba mifereji na kujenga kuta za mawe kwa kumwagilia mashamba yao. Wote hao hawakutuachia kitabu, walakini mkono wa mchoraji na wa mchimba mfereji husema hata leo, kwa mtu ajuaye kutazama.

Wala msidhani kwamba vita vya dunia vilitokea Ulaya tu. Nchi hii yetu katika vitabu vya zamani iliitwa Ufiome. Mwezi wa Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jemadari van Deventer, wengi wao askari wa farasi kutoka Afrika Kusini, yalishuka kutoka upande wa Arusha, yakapita Lolkisale, yakapita Ufiome, yakafika Kondoa. Masika yakawakuta huko. Njia zikageuka tope, vyakula havikufika, na farasi wakafa kwa wingi sana kwa maradhi ya mbung'o. Mwezi wa Mei jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawashambulia pale Kondoa, asifaulu.

Habari hizo zimeandikwa katika vitabu vingi, na majina ya majemadari yamo. Lakini farasi wakiisha kufa, na magari yakikwama, mizigo hubebwa na nani? Hubebwa na watu. Wapagazi wa vita vile walichukuliwa kwa maelfu, pande zote mbili, na wengi walikufa kwa maradhi na kwa njaa, na waliotajwa kwa majina ni wachache mno. Kumbukumbu yao imebaki katika neno moja ambalo kila mtu hulitamka: Kariakoo ya Dar es Salaam. Jina hilo latokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi. Mtu huenda sokoni kununua viazi, naye asijue ya kuwa anakanyaga jina la wafu wake.

Tukawaonyesha wanafunzi kwamba hata vinywani mwetu mna mabaki ya kale. Neno hili "shule" tulilipata kwa Wajerumani. Neno "hela" ni jina la sarafu waliyoileta mwaka 1904. "Meza" ni neno la Wareno. Tukawaambia, "Ninyi mliosema kwamba hapa hapana historia, mbona mwaitafuna kila siku?"

Basi sasa turudi kwa wale wavulana wawili waliopigana, kwani hatukuwasahau.

Tulilileta swali lao darasani, bila kuwataja. Tukauliza, "Katika Babati, nani mgeni, nani mwenyeji, na mtajuaje?" Tukachora ubaoni lugha za jirani zetu. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za ukoo mmoja, ukoo wa Kikushi, ambao asili yake ni kaskazini, upande wa Ethiopia. Wabarabaig ni wa ukoo wa Kiniloti, na asili yake nayo ni kaskazini. Warangi na Wambugwe ni wa ukoo wa Kibantu. Mrangi husema "muntu", Mswahili husema "mtu", na hata mtoto mdogo auona udugu huo. Tena mbele kidogo wako Wahadzabe na Wasandawe, ambao lugha zao zina sauti za kualika ulimi, nao wamekaa nchi hizi tangu kale mno. Wataalamu wa lugha husema kwamba hapa katika Bonde la Ufa la Tanzania ndipo koo zote hizo nne za lugha za Afrika zinapokutana, jambo lisiloonekana mahali pengine popote. Wanafunzi walikaa wakitazamana. Kijana yule aliyesema hapa hapana historia aliketi mstari wa mbele.

Kisha tukauliza, "Haya, katika hao, ni nani asiyekuja kutoka mahali?" Wakafikiri, wakajibu kwamba karibu wote walikuja, ila kwa nyakati mbalimbali. Na waliokuja baadaye pia wamo, wakulima na wafanya biashara na watumishi waliofuata barabara kuu hii, tangu ilipokuwa ya vumbi hata ilipofunguliwa ya lami mpaka Dodoma mwaka 2018. Mwanafunzi mmoja akakumbuka methali, akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Akaongeza, "Basi sisi sote tumekwisha kupewa jembe." Darasa likacheka. Hatukuhubiri, wala hatukutoa adhabu. Lakini tuliwaona wale wavulana wawili wakicheka pamoja na wenzao, na tangu siku ile hatukusikia tena neno lile uwanjani. Hatusemi kwamba ugomvi wote wa ardhi umekwisha kwa somo moja. Twasema tu kwamba mtu akijua jinsi watu walivyofika, ulimi wake huwa mzito kidogo kabla ya kumfukuza mwenzake.

Sasa, ninyi walimu wenzetu mnaosikia, yawezekana mwasema, "Haya ni mazuri, lakini muda uko wapi? Tuna silabasi ya kumaliza, na Baraza la Mitihani halitauliza habari za bibi wa Nangara." Ni kweli, mtihani upo, na kijana hana budi kufaulu. Sisi hatukuacha silabasi. Tulitoa kipindi kimoja tu katika majuma mawili kwa kazi hii. Tukaona kwamba kijana aliyezoea kupima ushahidi huandika insha iliyo bora, kwa kuwa ajua kutoa sababu, wala haorodheshi tu. Tena tangu mwaka 1967, katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitahadharisha juu ya elimu inayomtenga mtoto na jamii yake. Na mitaala iliyotolewa mwaka 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lifundishwalo kwa Kiswahili. Hilo latusaidia sana, maana kijana humwuliza bibi yake kwa lugha anayoielewa, akaandika kwa lugha hiyo hiyo, wala fikira zake hazipotei njiani katika kutafuta neno la Kiingereza.

Kwa wale watakaojaribu, twaweka hapa mashauri machache tuliyojifunza kwa kukosea.

Kwanza, mwanafunzi asiende kwa mzee mikono mitupu ya maswali. Aandike maswali matatu kabla ya kwenda, yasizidi matano. Mzee huchoka.

Pili, aamkie kwa heshima, aseme ametumwa na nani na kwa kazi gani, na aombe ruhusa ya kuandika. Mzee akikataa, basi. Kuna mambo ya matambiko na ya makaburi ambayo wenyewe hawapendi yatajwe mbele ya watoto, nasi hatuna haki ya kuyachokoa.

Tatu, ayaandike maneno kama yalivyosemwa, asiyasahihishe. Lau yule msichana angaliandika "1964" badala ya "Uhuru ulikwisha kuja, na Azimio lilikuwa bado", tungalipoteza ushahidi wenyewe, tukabaki na jibu lisilojulikana limetoka wapi.

Nne, aandike mahali, na siku aliyouliza, na jina la aliyemjibu akikubali. Neno lisilo na mwenyewe halifai barazani.

Tano, mashahidi wasipolingana, mwalimu asifanye haraka kutoa hukumu. Awaache wanafunzi watafute. Furaha ya kutafuta ndiyo mshahara wa kazi hii.

Sita, madaftari yale yasitupwe mwisho wa mwaka. Yawekwe katika sanduku shuleni. Wanafunzi watakaokuja miaka thelathini baadaye watayahitaji, kwa kuwa wazee hao hawatakuwapo tena.

Nanyi wazazi na wazee, twawaomba jambo moja. Kijana akija kuwauliza habari za zamani, msimwambie, "Mambo hayo yatakusaidia nini?" Mpeni nafasi. Na mkiwa hamjui, semeni hamjui. Hilo nalo ni ushahidi, na ni bora kuliko kubuni.

Ili tumalizie swali la mzazi, tuwape mfano mmoja wa mwisho. Katika wilaya ya Babati uko msitu wa Duru-Haitemba. Palikuwa na wakati serikali ilikusudia kuutwaa uwe hifadhi yake. Wanavijiji wanaouzunguka hawakuridhika, wakajadiliana na maofisa, na katika miaka ya 1990 ulinzi wa msitu ukawekwa mikononi mwa vijiji vyenyewe, kila kijiji na sehemu yake, na sheria zake, na walinzi wake. Habari hiyo ilienea mbali, na wengine wakaja kujifunza. Mtoto asiyeijua ataona miti tu. Mtoto aijuaye ataona watu kama babu yake, walioketi barazani wakatoa hoja zao, wakasikilizwa. Naye siku moja atakapohitaji kutoa hoja, atajua kwamba jambo hilo limewahi kufanyika, na limefanyika kwao.

Hiyo ndiyo faida tunayoweza kumwonyesha mzazi. Historia haimpi mtoto chakula sahanini. Lakini humfundisha mahali maji yatakapopita, humzuia asimfukuze jirani yake kwa neno asilolijua, na humwonyesha kwamba watu wa kwao waliwahi kutenda.

Basi jioni ya leo, ninyi vijana, mkiisha kula, mkaribieni mzee mmoja aliye karibu nanyi. Mwamkieni, kaeni chini, mkamwulize jambo moja alilolishuhudia kwa macho yake. Akiisha kusema, mwulizeni kwa adabu, "Ulijuaje?" Kisha nyamazeni, msikilize.